Alizeti Nyuma ya Jiko la Mama Neema

Neema alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mchele, na kabla hajasema neno nikajua. Mtu mwenye habari ya msiba huvuta pumzi kwa namna yake. "Dada Mwanahamisi," akasema, "mama ametutoka." Nikasema yale tunayosema waja mbele ya kazi ya Mungu, nikampa pole, nikakata simu, kisha nikaanza kuuchambua upya mchele ule ule niliokwisha kuuchambua. Nililia baadaye, nikiwa bafuni, kilio cha kelele kisicho na adabu. Mama Neema hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mama mwenye nyumba niliyopanga Vingunguti nilipokuwa kijana, mwanamke wa Singida mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuita ng'ombe, na sijui kama yuko mtu aliyewahi kunilisha kwa mapenzi kama yeye. Lakini kuna mwaka mmoja nilimwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa binadamu yeyote. Watu wachache waliobaki wanaoukumbuka mwaka ule huusimulia kwenye vikao kama kichekesho. Mimi sijawahi kucheka, na kwa kuwa mwenyewe ameshatangulia, nitausimulia nilivyouona.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha kilimo na cheti changu, nimeolewa juzi juzi. Mume wangu Idi alikuwa Mtwara kwenye kazi ya barabara, anarudi akipewa likizo. Chumba changu kilikuwa cha mwisho uani, ukuta mmoja na jiko la Mama Neema, kina kitanda, ndoo mbili na dirisha la nyavu lililoingiza moshi wake wote na harufu ya machinjioni upepo ukigeuka. Ndege za uwanjani zilipita chini kiasi cha kutikisa vikombe, na mazungumzo ya mtaa mzima yalikatwa katikati, yakaendelea zikishapita, bila mtu kuona ajabu. Nyuma ya jiko, ng'ambo ya uzio wa mabati, ndiko kulikokuwa na kazi yangu. Pale palikuwa na karakana ya kuvunja betri za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani yake. Ilifanya kazi miaka mingi, hata ikafungwa na mwenye nayo akaondoka asijulikane alikokwenda. Kilichobaki ni udongo mweusi usioota hata nyasi. Ndipo akaja mtafiti mmoja wa udongo, tukamwita Dokta Sabuni kwa sababu hakuruhusu mtu kushika hata chupa ya maji bila kunawa, akaeleza kuwa atapanda alizeti. Alizeti ina mizizi yenye tamaa, alisema. Itaivuta risasi kutoka ardhini na kuipandisha kwenye shina na majani. Tutaving'oa vyote, tutavipeleka mbali, tutapanda tena, na tena, mpaka ardhi ile ikubali watu. Mimi ndiye niliyeajiriwa kupanda, kumwagilia, kupima urefu na kufunga mafungu.

Mimi ni mwoga, sikatai. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nami nimeishi kwa methali hiyo hadi nimeota mvi. Tangu wiki ya kwanza niliiogopa ile ardhi. Niliogopa vumbi lake kwenye kope, niliogopa viatu vyangu mwenyewe, nikaviacha nje kama viatu vya mgonjwa. Dokta alinieleza kwamba sumu ile haina harufu wala ladha, haiumi ikiingia, na hukaa kwenye mifupa. Kwa watu wazima ni mbaya. Kwa mtoto mdogo, na zaidi yule aliye tumboni, ni mbaya kuliko, maana inakwenda kwenye akili. Laiti angenyamaza. Bombani wanawake walikuwa na maelezo yao. Nilikuwa nikifua huku nikiwasikia: "Kile kiwanja kina mwenyewe." "Mbuzi wale waliolamba udongo wa pale si walianguka wakitetemeka?" "Jini la betri lile, shoga, halitaki kelele." Nilicheka nao, nikaenda kufua kanga zangu mara ya pili.

Kabla hatujapanda, Dokta aliitisha mkutano wa majirani pale uani kwetu. Aliongea vizuri, kwa upole, akarudia na kurudia. Msile majani yake. Msile mbegu. Msiwape mbuzi wala kuku. Watu wakaitikia. Mama Neema, ambaye kwao alizeti ni kama nazi kwetu, aliguna kwa uchungu kusikia kuwa mbegu nzuri zitatupwa, kisha akanyoosha mkono. "Sasa Dokta, mkishavuna, hayo mabua mnayafanyaje?" Dokta akasema, "Tunayachoma, mama." Alikuwa na maana ya tanuri maalumu lililofungwa, na majivu yanayofukiwa ndani ya pipa la saruji. Lakini ndege ikapita, tukanyamaza sote, na ilipokwisha pita mtu mwingine akauliza habari za kunguru. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Nililisikia swali, nikalisikia jibu, na mimi pia niliona limejitosheleza.

Mvua za masika zikaja na alizeti zikastawi bila haya. Sijawahi kuona maua yakinitisha namna ile. Zilinipita kimo, zikajaa manjano mpaka mtaa ukaja kutazama. Mpiga picha mmoja akaniletea maharusi, bibi harusi na shela lake, anataka waingie katikati ya maua. Nikawafukuza kwa ufagio. "Sista, picha tu, dakika moja!" akasema, na bibi harusi akaniita mchawi. Tulipovuna, tulikata vichwa tukavitia kwenye mifuko, kisha mabua tukayafunga mafungu kwa kamba za manila. Yaliyotoka kona ya tanuri la zamani la karakana, palipokuwa pabaya kuliko pote, niliyafunga mwenyewe kwa kamba nyekundu. Tukayaegemeza kwenye uzio yakauke, tungoje gari la kuyachukua. Gari likachelewa, kama magari yanavyochelewa.

Wakati huo nilikuwa nimeshika mimba. Ilinikatalia kila kitu: wali, samaki, chai, hata harufu ya sabuni. Nilikonda, nikawa nalala mchana kwenye sakafu ya saruji kwa ajili ya ubaridi. Mama Neema hakuweza kuvumilia mtu asiyekula nyumbani kwake. Alijaribu uji, alijaribu ndizi, mwishowe akaniletea kibakuli cha mlenda na ugali wa mtama. Mie mtoto wa Mbagala, mlenda nilikuwa nikiuona kama kamasi la mboga, na nilimtania hivyo siku zote. "Onja, binti wa pwani," akaniambia. "Ukitapika nitafuta mie." Nikaonja. Ulishuka wenyewe, laini, una uchumvi fulani wa mbali, na tumbo langu likanyamaza kwa mara ya kwanza baada ya majuma. Nilimaliza, nikalamba vidole. Mama Neema alipiga kigelegele hadi majirani wakachungulia. Tangu hapo akanipikia kila siku. Alinikalisha kwenye kigoda chake jikoni, akanihadithia habari za kwao huku akikoroga, naye akila kidogo tu ili mimi nishibe. Nilinenepa. Nikaanza kuimba nikimwagilia miche ya awamu ya pili. Nikikumbuka furaha ile hata leo mwili unanisisimka.

Mchana mmoja nilimuuliza tu, kwa kumsifu. "Mama, huu mlenda unautia nini? Mbona ule wa gengeni hauwi hivi?"

Akacheka, amefurahi kuulizwa. "Wa gengeni wanatia magadi ya dukani. Yale mawe tu, mwanangu. Sie kwetu tunachujaga majivu. Unachoma mabua, unatia majivu kwenye kopo lenye matundu, unamwagia maji, yale yanayodondoka ndo magadi yenyewe. Na majivu ya alizeti hayana mpinzani. Tangu nihamie huku Dar nilikuwa sijayapata. Mungu kaniletea nyuma ya jiko langu!"

Akalisogeza pazia la gunia lililokuwa nyuma ya mafiga. Kopo lilikuwa limening'inizwa kwenye msumari, linadondosha maji ya rangi ya chai kwenye chupa ya soda. Chini yake kulikuwa na mabua yaliyokatwa tayari kwa kuchomwa, na juu ya mabua, imekunjwa vizuri na mwanamke asiyependa kutupa kitu, kamba yangu nyekundu.

Sikupiga kelele. Nilishika ukuta. Nilijua vipimo vya kona ile. Karatasi zake nilikuwa nimezibeba mwenyewe. Nilijua pia kitu ambacho ningetamani kutokijua: kwamba bua likiungua linabaki konzi moja ya majivu, na risasi yote iliyokuwa kwenye bua zima imo ndani ya konzi ile. Nilikuwa nimeila mchana baada ya mchana, na kushukuru. Niliweka mkono tumboni kana kwamba ningeweza kumziba mtoto mdomo.

"Mama," nikasema, "haya ya kule kiwanjani?"

"Ya wapi tena? Nilimuuliza mlinzi wenu wa pale, akasema chukua tu, si yanangoja kuchomwa? Na Dokta alisema mwenyewe dawa yake ni kuyachoma. Mie nimeyachoma vizuri, mpaka yakawa meupe."

"Moto hauiui, mama. Moto unakula bua, risasi inabaki kwenye majivu. Yote."

Aliniangalia usoni, halafu tumboni, halafu kwenye sufuria iliyokuwa ikichemka. Ule uso siwezi kuueleza. Alishika sufuria kwa mikono mitupu, bila kitambaa, akataka kuumwaga mlenda mlangoni. "Usimwage!" nikamkemea, mara ya kwanza na ya mwisho kumkemea, kwa sababu pale mlangoni ndipo wajukuu wa jirani walipochezea. Akasimama na sufuria ya moto mkononi, hajui aiweke wapi, anauliza, "Sasa niipeleke wapi? Mwanahamisi, niipeleke wapi?" Hapakuwa na mahali. Tulibeba sufuria, kopo, chupa na majivu, tukavipeleka kwenye ghala la vifaa kule kiwanjani, nikavifungia. Viganja vyake vilikuwa vimeungua na hakuvitazama.

Dokta alikuja siku ile ile. Alipoambiwa alikaa kwenye kigoda, akavua miwani, akasema, "Nilimjibu neno moja. Alistahili maneno kumi." Alitupeleka hospitali tukatolewa damu, mimi na Mama Neema, damu ikatumwa mbali kwa kuwa hapa haikuwa rahisi kupimwa wakati ule. Tukangoja. Nilikuwa nikiamka na kugusa tumbo, nikiuliza mtoto kama yupo, na alipocheza niliogopa kwamba anatetemeka kama wale mbuzi. Idi alikuja kwa likizo, akanikuta nimekaa kitandani na nguo zimefungwa kwenye kanga, sijui nakwenda wapi. Majibu yalipokuja, daktari wa hospitali alisema risasi imo, imezidi, lakini si ya kulazwa wala ya kutiwa dawa yenye nguvu na mimba ile. Tunywe maziwa, tule dagaa na mboga safi, tuache chanzo, tungoje. "Na mtoto?" nikauliza. "Huenda asidhurike," akasema. Alikuwa mtu mwema, akaongeza, "Huenda." Bado nalichukia neno lile.

Nilihama kula. Sijui niseme vipi vingine. Nilikuwa bado naishi ukuta mmoja na jiko lake, bado namwamkia asubuhi, "Shikamoo mama," naye anaitikia marahaba. Lakini alipoleta bakuli, mkono wangu haukwenda. Nilijua kwamba jiko limesuguliwa, kwamba vyungu vya zamani vimetupwa, kwamba amenunua sufuria mpya. Nilijua, na bado sikuonja. Aliacha bakuli juu ya ndoo, akalikuta kama alivyoliacha, akalichukua. Kupitia ukutani nilimsikia akimwambia Neema, aliyekuwa binti wa sekondari, "Ananiogopa. Na ana haki." Nililia nimeuma mto. Siku ya tatu au ya nne alikuja mlangoni na pakiti ya maziwa haijafunguliwa, dagaa wabichi bado kwenye gazeti la muuzaji, na mchicha alioununua Buguruni, umefungwa vile vile na ukamba wake. "Sijagusa," akasema. "Nimebeba kwa mfuko tu. Pika mwenyewe, mwanangu, lakini ule." Akafanya hivyo mpaka nilipojifungua. Mwanamke ambaye furaha yake yote ilikuwa kulisha watu alikuwa akiniwekea chakula kibichi mlangoni na kurudi nyuma hatua kadhaa, ili nione hajakikaribia.

Tunu alizaliwa mwisho wa mwaka, mdogo, na alilia. Mkunga akasema mtoto mzima kabisa, hajambo, nami nikasikia wengine wakishangilia, na ndani yangu hofu haikuondoka. Ilihama tu kutoka tumboni kwangu ikaenda kukaa kwake. Mama wengine hutazama jino la kwanza. Mimi nilitazama kila kitu. Alichelewa kukaa? Alitembea lini? Mbona mtoto wa fulani anasema maneno mengi? Tunu alichelewa kusema. Alipoanza shule herufi zilimpiga chenga, akarudia darasa, walimu wakasema ni mzito tu, watoto wengine wako hivyo. Huenda ni hivyo. Katika ukoo wa Idi wako watu wazito wa kusoma ambao hawajawahi kufika Vingunguti. Hakuna atakayeniambia mwanangu angekuwa nani kama nisingependa mlenda, na nimezeeka nikijua kuwa hakuna atakayeniambia.

Tulihamia Kigamboni, lakini kila likizo Mama Neema alimwita Tunu kwake, akamkalisha kwenye kigoda, wakasoma. Alichokuwa nacho cha kusoma ni Biblia na makaratasi ya kufungia vitumbua, basi walisoma hivyo. "Mama, huyu mtoto wa Kiislamu utamgeuza mlokole," nilimwambia. "Herufi hazina dini," akanijibu, "acha asome." Kila matokeo ya mtihani yalipotoka, simu ya kwanza ilikuwa yake. Hakuuliza kafaulu au kafeli. Aliuliza, "Anasemaje? Anaelewa?" Hatukulitaja jambo lenyewe hata siku moja. Na Tunu hatukumwambia. Niliogopa kumwambia, niliogopa asije akajitazama kwenye kioo na kujitafutia kilichopungua, kama mimi nilivyokuwa nikimtafutia.

Ibada ya kumuaga ilifanyika Tabata kwa Neema, kabla mwili haujasafirishwa kwenda Singida. Turubai lilijaa hadi barabarani. Tunu alikuja kutoka Mbagala anakoshona nguo, mwanamke mzima sasa, mrefu kama baba yake. Asubuhi ile Neema alikuwa amemwomba asome wasifu wa marehemu, na mimi niliposikia nikamvuta pembeni. "Neema, mtafute mwingine. Atakwama mbele za watu." Neema akasema, "Mama alitaka yeye. Alisema mwenyewe." Nikakaa mstari wa mbele, na Tunu akasimama na karatasi. Alisoma taratibu. Neno moja, kisha jingine, na kila alipokaribia neno refu nilifumba macho. Katikati akakwama. Mchungaji akainua kichwa, nami nikaona midomo ya Neema ikitaka kumsaidia. Tunu hakumtazama mtu. Aliweka kidole chini ya neno, akalipima, akalivuka, akaendelea mpaka mwisho.

Alipokaa kando yangu nilimshika mkono nikashindwa kuuachia. Nilidhani nitasema umesoma vizuri. Badala yake nikajisikia nasema, "Mwanangu, kuna jambo la bibi yako ambalo sijawahi kukwambia."

"La majivu?" akauliza, kwa sauti ndogo, macho yake yako kwenye jeneza. "Bibi aliniambia. Nilikuwa darasa la sita, tulikuwa tunasoma. Alilia sana. Akasema nisikwambie kama najua, maana wewe utaogopa."

Baadaye nikamuuliza alimjibu nini.

"Nilimfuta machozi," Tunu akasema. "Nikamwambia, bibi, mie sijambo. Funua ukurasa, tuendelee."